Ruhusa ya Bwana Baridi

Fundi alipomwona mtu aliyeshika funguo za jengo, nusura ageuze njia aondoke. Alikuwa shemeji yake wa zamani, yule aliyemfukuza mkewe, mdogo wa fundi, akamtolea mizigo nje mchana kweupe, majirani wakitazama, mtoto akiwa bado mgongoni.

Wafanyakazi wa ofisi zile walimwita Bwana Baridi. Kila asubuhi alizunguka ghorofa zote na bisibisi mfukoni, akiwasha na kuzima mitambo ya kupoza hewa kwa mkono. Ukimuudhi, unafanya kazi siku nzima umejifunika koti. Ukimchekea, unapata upepo wa kiasi. Kwa kazi hiyo alitembea kifua mbele kama mwenye jengo.

Sasa meneja alitaka mitambo yote iongozwe kutoka kompyuta moja, na fundi ndiye aliyeitwa kuiunganisha.

"Karibu shemeji," alisema Bwana Baridi, bila kumpa funguo.

"Mimi si shemeji yako. Fungua chumba cha mitambo."

"Funguo za chumba hicho ziko kwa mlinzi."

Mlinzi naye akasema ziko kwa Bwana Baridi. Fundi alipanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakamuuma, hatimaye akaenda kwa meneja, na funguo zikaonekana ghafla, mfukoni mwa yule yule aliyesema hanazo.

Kazi yenyewe ilitaka utulivu. Kila mtambo ulikuwa na kisanduku kinachouamuru upoze kiasi gani. Fundi alipitisha waya mmoja wa mawasiliano kutoka kisanduku hadi kisanduku, kisha akakipa kila kimoja namba yake kwa vijiswichi vidogo vilivyomo ndani. Visanduku viwili vikiwa na namba ile ile, vinaitika pamoja kama watoto wanaogombana, na kompyuta haisikii hata kimoja. Jioni vyote viliitika. Akafunga vifuniko, akaenda kulala na moyo mweupe.

Asubuhi mitambo ya paani ilikuwa kimya. Alipanda, akafungua, akakuta vijiswichi vimechezewa: visanduku viwili vina namba ile ile. Akarekebisha. Alipotoka kunywa chai na kurudi, vimechezewa tena.

Alimkuta Bwana Baridi amekaa kivulini kando ya tangi la maji, anajipepea na kofia.

"Ni wewe."

"Ni mimi," akasema, wala hakusimama. "Ulitaka nikatae? Mitambo hii nimeilea. Inapokohoa usiku natoka kitandani. Leo unakuja na kompyuta yako, kesho wataniambia asante, kwaheri. Niende wapi na umri huu?"

"Mdogo wangu alikuuliza swali hilo hilo. Ulimjibu nini?"

Bwana Baridi alitema mate pembeni. "Mdogo wako alikuwa na mdomo kama wako."

Fundi alishuka moja kwa moja kwa meneja. Bwana Baridi akamfuata nyuma, na mbele ya meza ile akageuka mtu mwingine, mpole, mikono mgongoni. Alisema hajagusa kitu, kwamba huyu mama fundi ana kinyongo cha kifamilia na anatafuta pa kukitua. Meneja aliwatazama wote wawili kama watu waliomletea matope ndani.

"Mambo ya nyumbani kwenu yaacheni huko. Pandeni wote, mmalize wote."

Basi wakakaa juu ya paa kutwa nzima, jua likiwachoma. Fundi akipanga namba, Bwana Baridi akishika vifuniko, hakuna aliyemtazama mwenzake. Hawakusema neno ila "shika" na "achia". Visanduku viliitika kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

Kilibaki kitu kimoja. Mtu wa mitambo alipaswa kupewa ruhusa kwenye kompyuta, na meneja akauliza Bwana Baridi apewe ipi. Kwa kawaida fundi angempa ya kuwasha na kuzima.

"Ya kutazama tu," akasema. "Inamtosha."

Bwana Baridi alielewa papo hapo. Fundi aliteremka ngazi akisikia utamu ambao hakuuonea haya.

Wiki zilipita. Adhuhuri moja ya joto kali, simu ya fundi iliita. Aliijua ile sauti kabla haijajitambulisha.

"Mtambo wa ghorofa ya tatu umesimama. Naona hapa kwenye kioo cha kompyuta unahitaji kuwashwa upya tu, na siwezi. Kuna mama mjamzito ameanguka huku kwa joto."

Fundi alikuwa na kompyuta yake mapajani. Angeweza kuufikia mtambo ule kutoka pale alipokaa.

"Niombe vizuri," akasema.

Kwa mbali alisikia watu wakiitana, mtu akitaka maji.

"Wewe sikuombi kitu," Bwana Baridi akasema taratibu. "Kama unataka, mwache huyu mama hapo sakafuni."

Fundi aliona uso wake ukiwaka moto. Aliuwasha mtambo. Kisha, kwa hasira, akaifungua na ile ruhusa aliyomnyima, yote, akakata simu bila kuaga.

Jioni mdogo wake alimuuliza mbona amenuna. Akamwambia ni kazi tu, akaomba asiulizwe tena.