Mkono Wangu na Lori la Ujamaa

Mie mkono wangu una haraka kuliko kichwa. Kilabuni hapa Temeke wakiuliza nani anaongeza mnazi, nishaunyoosha kabla swali halijaisha. Mama hunitazama tu, kwa macho yaleyale aliyomtazamia marehemu baba kabla mnazi haujamwua.

Jumapili nilitoka kilabuni moja kwa moja hadi mkutano wa nyumba kumi, nikakaa kando ya mama. Balozi, kiongozi wetu wa nyumba kumi, akaongea, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Mengine sikumbuki.

Kesho yake majirani wakanipongeza: "Hongera, Idi! Wewe ndiye kijana wetu!" Niliona aibu kuuliza hongera ya nini, nikaitikia ahsante. Nikadhani labda nimechaguliwa kiongozi. Fundi baiskeli akanipa jembe, nami nikapokea! Tena nikamwuliza kama hana na panga.

Leo asubuhi lori limesimama mlangoni, limejaa watu, magodoro na kuku. Balozi akaniita kwa furaha: "Panda, Idi! Wewe ndiye wa kwanza kujitolea kwenda kijiji cha ujamaa!"

Nikamkimbilia mama uani. "Mama, nilikuwa nimelewa! Mkono ulijinyoosha wenyewe!"

Alikuwa anafunga mkate wa kumimina kwenye kitambaa. "Najua, mwanangu. Ulinuka mnazi mpaka balozi akageukia pembeni."

"Sasa mbona hukuushusha?"

"Ulikuwa unashuka wenyewe," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyeushikilia."