Mwanamke Aliyevaa Nguo Niliyokuwa Sijaishona

Siku ile sikuwa na homa, na wanaonifahamu wanajua kwamba pombe haipiti mdomoni mwangu. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtakavyonitazama nikifika katikati. Jambo hili lilinipata hapa hapa Kamina, alasiri, jua likiwa bado kali, barazani kwangu. Lingekuwa la kuambiwa, ningemwachia aliyeniambia.

Mume wangu, Kyungu, anafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Miaka yote amekuwa akichora kwa chaki yale maporomoko makubwa ya mto Zambezi, na miaka yote hakosi mwanafunzi wa kumwuliza: mwalimu, umeyaona? Hakuwahi kuyaona. Mwaka juzi akasema basi, safari hii tunakwenda. Tutashuka Lubumbashi kwa treni, tukodi gari huko, tuvuke mpaka wa Kasumbalesa, na njiani tulale katika nyumba za wageni kama watu wa likizo. Mimi nashona nguo. Sikuwa nimewahi kulala kwenye kitanda cha kulipia. Nilifurahi kama mtoto.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Kila jioni ramani ilitandazwa mezani, sahani zikasukumwa pembeni. Zambia wanaendesha upande wa kushoto, sisi kulia, kwa hiyo Kyungu alijizoeza kwa baiskeli uani, akishika kushoto kutoka getini hadi jikoni, majirani wakicheka. Mtu wa kutukodisha jeep tulimpata kwa simu. Nyumba za wageni vilevile: moja Chingola, nyingine Kabwe, ya mwisho karibu na maji yenyewe. Ile ya Kabwe ndiyo aliyoipenda zaidi. Aliomba chumba cha mwisho kwenye korido, kwa sababu hakina kelele.

Mimi usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nafunga valizi ya nguo za safari, nafungua, nafunga tena. Nilinunua kitenge cha buluu chenye picha za kanga, wale ndege, nishone gauni la kusimama nalo mbele ya maji. Mikono nilishaichora kichwani: mipana, yenye mikunjo begani, mshono wangu ambao nimeubuni mwenyewe. Sikumwonyesha mtu. Kitambaa kilikuwa sandukuni, hakijaguswa na mkasi.

Basi alasiri hiyo Kyungu yuko shuleni, mimi niko kwenye mashine yangu, geti likalia. Akaingia mwanamke mwenye valizi, vumbi hadi magotini, kilemba amekishusha mpaka kwenye nyusi. Amevaa gauni la buluu lenye kanga. Nikajiambia, kuna mwingine kanunua kitambaa kile sokoni, ajabu iko wapi? Halafu nikayaona mabega. Wewe niambie, fundi anaweza kuukosea mshono wake? Ni kama kuikosea sauti ya mwanao akilia kati ya watoto wa watu.

Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Nikamwuliza anatoka wapi.

"Minyi natoka kule munaenda," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka machozi yakaisha.

Nikauliza, kule wapi? Akanieleza ile nyumba ya Kabwe: maua mekundu kwenye ua, korido ndefu, chumba cha mwisho, chandarua cha kijani. Alieleza polepole, macho chini. Mwili wangu ulikuwa umekwisha kujua jambo ambalo kichwa kilikuwa kinakataa, na ndiyo maana, niamini, swali lililonitoka lilikuwa la kipumbavu. Nilimwuliza kama kitanda ni kizuri.

"Kitanda iko muzuri," akasema. "Papa, bwana yangu, alilala muzuri sana. Hakulamuka tena."

Akainua valizi yake, akatoka.

Nilikimbia hadi getini. Barabara yetu imenyooka. Mtu akiondoka unamwona mpaka anakuwa mdogo kama siafu. Haikuwa na mtu. Alikuwapo tu jirani yetu Mama Bolumbu, mke wa askari, anayeuza sabuni mbele ya nyumba yake. Alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena.

"Mama, sasa hivi nimekuona unapita na valizi," alisema. "Nimekusalimia, haukujibu. Umerudi na njia gani?"

Niliingia ndani nikafungua sanduku. Kitenge kilikuwa pale pale, kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

Kyungu aliporudi nikamweleza, akacheka. Alicheka mpaka nilipotaja chandarua cha kijani. Maana mwenye nyumba alikuwa amemtajia chandarua hicho kwenye simu, naye hakuwa ameniambia. Hata hivyo hakutaka kuacha safari. Nilisema hatuendi, akasema atakwenda peke yake, na siku kadhaa tukawa tunalala tumepeana migongo. Mwishoni tukakubaliana: tutakwenda, lakini mle hatutalala. Alipopiga simu kufuta chumba, nilimpokonya. Kwa Kibemba changu kibovu nikamwomba yule mama mwenye nyumba asimlaze mtu katika chumba cha mwisho. Alinisikiliza kwa adabu, akasema chumba ni kisafi, na Mungu yupo.

Tukaenda. Gauni sikulishona. Kabwe tulilala upande wa pili wa mji, mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Asubuhi, kwenye kituo cha petroli, mhudumu alikuwa anawasimulia watu. Katika ile nyumba walikuwa wameingiza jenereta kwenye korido ili isilowe. Moshi ukajaa. Msafiri aliyelala chumba cha mwisho hakuamka. Mkewe walimtoa akiwa hai.

Kyungu alizima gari. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

Tulikwenda pale. Mke wa marehemu alikuwa ameketi chini kati ya wanawake wasiomjua. Nikaketi karibu naye. Baada ya muda aliniegemea. Kyungu alisimama nje ya ua, kofia mkononi, hakuweza kuingia.

Nilimwambia turudi nyumbani. Akakataa.

"Muntu alitembea njia yote ile juu nisikufe," alisema. "Sasa nirudie bila kuona mayi?"

Akayaona. Alisimama kwenye ule mvuke mpaka shati likamganda mwilini. Mimi sikuona mengi. Muda wote niliyapa maji mgongo, nikitazama njia tuliyojia.

Sasa wanafunzi wakimwuliza kama ameyaona, anajibu ndiyo, kisha anawaambia wafungue somo jingine. Kanisani wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini nikiwa kwenye mashine mguu wangu unasimama wenyewe, nami nimo kwenye mawazo. Yule wangu alinijia. Je, yule mjane wa Kabwe hakujiwa na wake? Labda alijiwa. Labda mtu mwenye vumbi alisimama mlangoni pake akaanza kueleza, naye akadhani ni mwendawazimu, akamfukuza kabla hajamaliza sentensi.

Kyungu ameanza tena. Anataka tukodi gari tulione ziwa Tanganyika, na tayari anatafuta mahali pa kulala. Sijamkataza. Akipiga simu tu, mimi nasimama, macho getini, siwezi kukaa.

Nawe unayepanga safari, yacheke mambo yangu ukitaka. Ila akija mtu usiyemjua, akasema anatoka kule unakokwenda, usimkatize. Mwache amalize.