Vumbi la Heda na Mikono ya Mama Mkwe

Naomba niseme haya nikiwa nimesimama, kwa sababu kuna miezi ambayo hata kusimama kulinikata pumzi. Mimi ni Wafula, fundi wa magari hapa Kitale.

Kazi yangu ni ya ekzosi, hasa heda, yale mabomba yanayotoka moja kwa moja kwenye injini na kushika joto mpaka yanakuwa mekundu. Nayasugua kutu, nayapaka rangi ya kuvumilia moto, halafu nayazungushia kitambaa cha nyuzi za kioo na kukikaza kwa waya, ili joto lisichome vitu vilivyo karibu. Vijana wenye magari ya mwendo wananijua. Wengine huja kutoka Webuye, wengine Suam. Na nilikuwa na mwili. Giaboksi nilibeba peke yangu. Nikifika nyumbani mke wangu Nafula ananiambia, "Usikalie kiti changu na hiyo nguo," nami nakaa tu, anacheka.

Karakana yangu ilikuwa kontena. Mvua ya Kitale mnaijua. Ikinyesha nafunga mlango ili rangi isiguswe na maji, napuliza humo ndani bila kitu puani. Kitambaa kilichozeeka nilikibandua kwa mkono kikiwa kikavu. Kilikatikakatika, na vumbi lake lilimetameta kwenye mwanga wa mlango. Hata nililiona zuri.

Ilianza na mikono kuwasha. Kisha kikohozi kikavu. Nafula akasema twende hospitali, nikamwambia ni homa tu. Nikanunua dawa ya kikohozi, nikamaliza chupa tatu. Baada ya wiki kadhaa kifua kilianza kupiga filimbi. Nikilala chali nahisi kama mtu amenikalia. Nilikonda mpaka mshipi ukatobolewa tundu jipya. Nafula alianza kunikatia nyama vipande vidogo kama mtoto, kwa sababu kutafuna na kupumua kwa pamoja kulinishinda. Bado nilienda kazini.

Jumamosi moja tulienda kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kumpelekea mama yake mahindi. Hapa lazima nieleze kwa wasiojua. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana sana. Hamsalimiani kwa mkono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anapisha. Kwa miaka tisa nilikuwa naijua sauti ya mama huyo kuliko uso wake. Kwa hivyo nilikaribishwa nyumba ya shemeji yangu, ng'ambo ya ua. Nafula akaenda sokoni.

Nilikuwa nimebeba gunia kutoka barabarani. Nikaketi, na pumzi haikurudi. Navuta hewa, haiendi mahali. Jasho baridi likanitoka, kucha zikawa rangi ya majivu. Kikombe kikanianguka.

Nikasikia sauti ya mama mkwe nje, akiniita kwa jina la binti yetu. "Baba Tabitha, kuna nini huko?"

Nilifungua mdomo, ikatoka filimbi tu.

"Si uongee, mkwe wangu!"

Mlango ukafunguka. Alisimama kizingitini kidogo tu, akijifunga leso kiunoni. Akasema, "Mungu atanisamehe," akaingia. Akanishika mabega, akaniinamisha mbele, akakaa nyuma yangu kunishikilia nisianguke. Yeye L kwake ni R. "Pumua pore pore. Usiogope. Mama yuko hapa."

Nilitaka kujitoa mikononi mwake. Fikirieni, mtu anakufa na bado anaona aibu!

Akamwita jirani mwenye bodaboda. Akapanda nyuma yangu, akanizungushia mikono yake miwili, tukapita sokoni hivyo. Watu walishika midomo. Yeye hakumtazama hata mmoja.

Hospitalini niliwekewa oksijeni. Daktari, mama kijana mwenye sauti ya chini, akauliza nafanya kazi gani. Mimi nina kifaa cha oksijeni usoni, siwezi kusema. Mama mkwe akanijibia. "Anafunga magari bandeji. Arafu anayapuriza rangi."

Daktari akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Bandeji ya aina gani?"

Pumzi iliporudi kidogo nikamweleza kuhusu kitambaa, vumbi lake na kontena. Nilipigwa picha ya kifua, nikapimwa makohozi. Daktari akarudi akaniambia, "Si TB. Ni mvuke wa rangi na lile vumbi. Njia zako za hewa zimevimba. Zitapona, lakini ukirudi kwenye hilo kontena sitakuahidi kitu."

Nafula alifika mbio, kikapu cha sokoni bado kiko mkononi, akamkuta mama yake akinipangusa pua kwa leso yake mwenyewe. Akaganda mlangoni. Mama akamwambia, "Usinitazame hivyo. Shika miguu yake, ina baridi." Hapo ndipo nililia.

Nililazwa siku nane. Niliporudi Kitale nilikuwa na vidonge na pampu ya kuvuta mdomoni, na miezi minne ya kutogusa rangi. Nilianza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye lango, kisha hadi barabarani. Nafula alitembea kando yangu na kigoda, ili nikichoka nikae popote. Majirani wakatutania, "Fundi na kiti chake!" Sikujali. Mwezi wa tatu kigoda kilibaki nyumbani.

Nilipopata nguvu, wazee walinieleza kwamba mama mkwe akishavuka mpaka ule, mkwe humpelekea kitu cha heshima. Nikampelekea blanketi zito. Nilisimama uani, yeye akasimama kwenye mlango wa jikoni. Akasema, "Branketi nimepokea. Rakini sikuvunja kitu. Nirishika mtoto wangu." Bado tunapishana njiani, ila siku hizi tunapishana tukicheka.

Sasa nafanya kazi chini ya paa lisilo na kuta. Kitambaa nakilowesha kabla ya kukifunga na kabla ya kukibandua. Rangi napuliza nikiwa na barakoa ya chujio, ile ya mafundi, si ya kitambaa. Mteja mwenye haraka namwambia angoje mvua iishe.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Nafula wangu. Mafundi wenzangu, msijivunie kukohoa. Ukisikia kifua kinabana, nenda siku hiyohiyo. Usingoje mpaka mama mkwe akubebe mbele ya soko zima.