Laptopu Iliyofukizwa Moshi

Lokol ana ugonjwa mmoja tu, nao ni udadisi. Kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta pale Bulla Pesa, mjini Isiolo, huwezi kuacha kitu bila kuulizwa kilianguka wapi, lini, na nani alikikalia. Wapo wanaomwambia atengeneze tu, maneno aache. Yeye hana habari nao. Kwake kila mashine iliyokufa ina kisa, na fundi asiyekijua kisa hicho anabahatisha.

Jumanne moja asubuhi aliingia mama mmoja, amepakata kitu kilichofungwa kwa leso.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu kiti."

Lokol ni Mturkana, na Jumapili utamkuta kanisani mstari wa mbele, lakini Isiolo salamu hujibiwa ilivyotolewa. Mama alisema anaitwa Sahra, ametoka Merti na lori la jana. Akafungua leso. Ndani mlikuwa na laptopu kuukuu, na kabla Lokol hajaigusa, pua ilimtangulia. Laptopu ilinukia moshi, ule moshi mtamu wa kibuyu cha maziwa, aliokulia nao nyumbani kwa mama yake, Akiru.

"Mama, hii ilifanywa nini?"

Sahra aliinamisha macho. "Ni mimi niliiharibu."

Laptopu ilikuwa ya bintiye, Ikra, aliyekuwa akisoma chuoni hadi ugonjwa ulipomchukua miaka miwili iliyopita. Mwaka jana mto Ewaso Nyiro ulifurika, maji yakaingia nyumbani mpaka usawa wa kitanda, na laptopu ikalala humo. Sahra aliianika juani. Kisha akafanya analofanyia chombo chochote asichotaka kioze: akawasha vijiti na kuifukiza siku tatu, asubuhi na jioni, kama anavyofukiza gorfa, chombo chake cha maziwa cha kusuka.

"Watu walinicheka. Wakasema nimechoma ndani yote," alisema. "Sauti ya Ikra iko hapo, na haiko mahali ingine. Niambie ukweli, mwanangu. Ni mimi nimeimaliza?"

Lokol alikuwa amebanwa na kicheko, na swali hilo likamtia aibu. Alishika bisibisi, akafungua. Feni ilikuwa nyeusi ti, na sehemu nyingine zote zimeliwa na kutu.

"Mashine imekufa, mama. Lakini hii kutu ni ya maji, si ya moshi. Na vitu vya Ikra haviko kwa mashine. Viko kwa hii diski."

Alichomoa kisanduku bapa cha chuma kinachoenea kiganjani. Badala ya kukikagua kwanza kwa macho, alikinusa. Mzeituni mwitu aliutambua mara moja. Mgunga pia. Lakini palikuwa na harufu ya tatu, kali kidogo, ambayo hakuweza kuipa jina.

"Mama, ulitumia miti gani?"

"Miti tu," Sahra alijibu.

Jibu hilo lilimkera kweli kweli.

Aliunganisha diski na kompyuta yake kwa waya. Kimya. Akafungua kibao cha umeme cha ile diski. Vidoti vya kupitishia umeme vilikuwa vimefanya weusi. Alichukua raba ya kufutia penseli, akavisugua polepole, akajaribu tena. Kimya. Sahra aliacha kuvuta tasbihi. Lokol alisugua mara ya pili, bila kuuliza swali lolote, na kwake hiyo si kawaida. Safari hii diski ilizunguka, ikalia kwa sauti nyembamba.

"Iko hai?"

"Iko hai. Lakini hatufungui kitu bado. Kwanza ninakili yote. Diski kama hii inaweza kutuacha saa yoyote."

Kazi ya kunakili ilichukua muda. Sahra alikwenda msikitini kuswali adhuhuri, akarudi, wakaendelea kungoja. Lokol hata chakula alisahau. Mwishowe yakatokea majina ya faili, na kati yake video moja iliyoandikwa "Mama".

Lokol aliifungua. Kwenye kioo cha kompyuta alionekana Sahra mwenyewe, amechuchumaa kando ya makaa, gorfa mkononi. Nyuma ya kamera msichana alikuwa akicheka na kuuliza maswali kwa Kiborana. Lokol anakijua Kiborana cha sokoni, kikamtosha: Ikra alikuwa anauliza moshi ule ni wa miti gani. Mama yake akamtajia miti miwili.

Sahra alilia, akacheka, akalia tena. Video ilipokwisha alijifuta machozi kwa leso.

"Nilimficha," alisema. "Iko mti wa tatu. Mama yangu aliniambia siku niliolewa. Na mimi nilikuwa nangoja siku ya Ikra. Nikaona bado mapema."

Masikio ya Lokol yalisimama. Harufu ile ya tatu ilikuwa imemtesa tangu asubuhi.

Sahra alimwomba airudishe video mwanzoni na kuisimamisha. Akavuta kiti, akakisogelea kioo, akaanza kwa sauti ya chini, kwa Kiborana: "Ikra..."

Maneno machache tu, na Lokol angeujua mti wa tatu. Aliinuka, akatoka nje ya kibanda, akaanza kumsalimia kwa sauti kubwa kila aliyepita, hata wasiomjua, mpaka mama alipomwita.