Siku niliyomchorea Daktari duara kwenye Mercury nikamharibia kazi

Wakuu, salamu kwenu kutoka Kisumu. Mimi ni mzee sasa, naandika kwa kidole kimoja, so mnivumilie. Hii story nimekaa nayo tangu 1973 na sijaongeza chumvi hata kidogo. Mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini mimi naogopa kuongeza kitu kwa story.

Wakati huo nilikuwa lab assistant kwa secondary moja hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kuosha test tubes na kufukuza wanafunzi waliokuja kuchezea sumaku. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona scientist kamili.

Novemba ikaja, na pamoja nayo akaja mgeni. Tumuite Daktari Odera. Mtu wa hapa hapa, alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kuchunguza hewa ya sayari za mawe kama Mercury, Venus na Mars. Headmaster akanipa yeye nimsaidie.

Alikuja kwa sababu Mercury ilikuwa inapita mbele ya jua, mchana kweupe, na hapa kwetu ingeonekana vizuri. Alichagua Dunga, kando ya maji kabisa, akisema hewa juu ya ziwa hutulia kuliko ya mjini.

Sasa sikizeni vizuri, hapa ndipo shida ilianzia.

Nikifungua sanduku la darubini nilipata mchoro wa zamani. Doa jeusi, na duara la mwanga limelizunguka. Maandishi chini yake yalieleza kwamba watu wa zamani walidai waliona hilo duara Mercury ikipita mbele ya jua, na professor wake kule ng'ambo aliamini kabisa kwamba hiyo ni hewa. Mchoro huo sikutakiwa kuuona. Niliuona, nikaurudisha, nikanyamaza.

Jioni hiyo hiyo nikamsikia akimwambia headmaster, "Nikirudi bila jibu, hawa watu hawataniongezea mkataba. Nitakuwa nimemaliza."

Kichwani mwangu nikaunganisha mambo mawili. Jibu ni duara. Bila duara huyu mtu wetu anafutwa.

(Nyinyi mnaojua nyumba za huku kwetu mnajua mgeni haachwi aende mikono mitupu. Hata kama ni yai moja, utampa. Mimi nililelewa hivyo na sioni aibu.)

Asubuhi ya siku yenyewe tukafunga darubini pale beach, na kioo cheusi mbele yake cha kukinga macho. Vijana wa siku hizi, tafadhali, msijaribu kuangalia jua bila hicho kioo, utapofuka.

Daktari alitaka watu watatu. Kila mtu aangalie peke yake chini ya kitambaa cheusi, achore alichoona kwa kadi, aweke kwa bahasha, asiseme neno. Yeye wa kwanza. Wa pili alikuwa Mama Akinyi, mwenye kuuza samaki pale pale. Alimchagua kwa sababu alimuona akipanga ngege, hao samaki wa ziwani, wa leo huku na wa jana kule kwa kuangalia macho yao tu, bila kugusa. Wa tatu ni mimi, kwa sababu nilikuwa na macho ya ujana.

"Mama, chora kile umeona tu," Daktari akamwambia. "Usiongeze, usipunguze."

"Sasa mimi nitaongeza nini kwa jua, Daktari?" Mama akamjibu, watu wakacheka.

Daktari alikaa pale masaa. Alichora, akaangalia tena, akachora. Mama akaingia, akatoka haraka akiwa anapangusa jasho. Wakati zamu yangu inafika, mawingu yalikuwa yameshapanda kutoka milima ya Nandi. Mnajua mvua ya Kisumu ya mchana, haina huruma.

Nikaingia chini ya kitambaa. 

Niliona doa. Dogo, jeusi, linatetemeka. Nikatafuta duara. Nikakodoa macho mpaka yakatoa machozi. Hakuna. Halafu wingu likafunika jua, ikaisha hivyo.

Nje nilimsikia Daktari akiuliza, "Okoth, umepata?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nikachora doa. Halafu, wakuu, nikachora duara.

Tulifungua bahasha chini ya paa la mabati la wachuuzi, mvua imeanza. Kadi ya Daktari ilikuwa doa tupu. Ya Mama Akinyi, doa tupu, amelikandamiza na penseli mpaka kadi karibu itoboke. Yangu, doa na duara safi kabisa.

Mimi nilingoja afurahi.

Alikaa chini kwa kreti ya samaki. "Wawili hapana, mmoja ndiyo," akasema polepole. "Na huyo mmoja ndiye mwenye macho mazuri. Sasa sina jibu."

Ndipo nikaelewa. Yeye hakuwa anatafuta duara. Alitueleza kwamba miaka yote alikuwa anabishana na professor wake kwamba hilo duara ni macho ya watu na hewa yetu ya duniani inayotetemeka. Alitaka kadi tatu zinazokubaliana. Mimi ndiye nilimtoa mikono mitupu.

Na bado nikanyamaza! Nilifunga sanduku lake, akapata lifti kwenda stesheni kushika gari la moshi la jioni.

Mama Akinyi alikuwa amemfungia ngege wawili kwa gazeti. Daktari aliwasahau. Mama akaniangalia vile anaangalia samaki.

"Okoth. Wewe uliona hiyo kitu, ama ulimpea tu?"

Nikashika baiskeli yangu niondoke.

"Chukua samaki yake umpelekee. Na useme. Ukirudi bila kusema, usipite hapa kwangu tena."

Nilipanda baiskeli kwenye ile mvua. Dunga mpaka stesheni, matope mpaka magotini, mnyororo ukatoka mara mbili. Nilikuwa nalia, sitaficha. Kila nikisikia honi nilidhani ni gari linaondoka.

Nilimkuta dirishani, abiria wameshapanda. Nikampa samaki. Nikasema, "Daktari, sikuona duara."

Aliwaweka samaki chini. "Kwa nini ulichora?"

"Nilitaka usirudi bure."

Uso wake sijausahau. Hakunitukana. Alitoa kadi yangu na kalamu, akasema, "Andika hapo nyuma. Uweke sahihi." Nikaandika nikiegemeza kadi kwenye behewa, maji yananitiririka, gari likaanza kusogea nikiwa namrudishia.

Miezi ikapita. Chombo cha anga cha Wamarekani kikafika Mercury mwaka uliofuata. Kilikuta hewa nyembamba mno, ile Daktari alikuwa ananieleza inaitwa exosphere: chembe inaruka kutoka kwenye mawe na kurudi chini bila kugongana na nyingine. Haiwezi kutengeneza duara lolote la kuonekana kutoka huku. Alikuwa sahihi.

Lakini barua yake kwa headmaster ilikuwa imefika kabla ya hapo. Professor alisema shahidi aliyebadilisha maneno anaharibu mashahidi wote, akatupa kadi zote tatu. Mkataba haukuongezwa.

Mwisho wa barua aliandika, "Mwambieni Mama Akinyi asante kwa samaki. Yeye aliona vizuri kuliko sisi sote."

Niliisoma mara nyingi nikitafuta jina langu. Halikuwepo.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza umeona nini, mwambie hicho tu, hata kama unampenda. Mama Akinyi aliniuzia samaki mpaka alipofariki, na kila mara aliniuliza, "Leo umeona nini?"

Wakuu, kuna mwingine hapa alishawahi kumdanganya mtu kwa kumhurumia? Mlirekebisha aje? Semeni, niko hapa nasoma.