Miiba Niliyoamuru Isukumwe

Nakumbuka asubuhi moja baada ya mvua za kwanza, mwanangu, nilivyokimbia kwenye uwanja wa shule hapahapa Mpanda, upande wa Ilembo, nikimwomba Mungu kengele isigongwe. Nina miaka sitini na tatu sasa, magoti yananisumbua, na bado kengele ya shule yoyote ikilia nasimama nilipo mpaka inyamaze. Wajukuu wananicheka. Waache wacheke. Wewe nakueleza kwa sababu juzi ulinionyesha barua yako ya kazi, unaanza ukaguzi wa kazi za udongo, na niliona ulivyofurahi.

Na mimi nilifurahi hivyohivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, binti pekee ofisini aliyeendesha pikipiki, na maringo nilikuwa nayo, usinione hivi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia ardhi inavyosawazishwa kabla watu hawajajenga. Greda linakwangua majani na udongo wa juu, mkaguzi anakuja kuiona ardhi ikiwa tupu, ndipo moramu, ule udongo wa changarawe, inamwagwa, inatandazwa, inanyunyiziwa maji na kushindiliwa, tabaka juu ya tabaka. Ziara ile ya ardhi tupu ndiyo kubwa kuliko zote, maana ukishafunika huoni tena. Chuoni niliulizwa swali hilo kwenye mtihani na nikalijibu vizuri sana.

Siku ya ziara yenyewe nilichelewa, tena nilikuwa nimevaa viatu vipya. Naona aibu kukuambia lakini ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja kilikuwa kimekwanguliwa chote, kasoro kona moja tu iliyokuwa na rundo la matawi ya miiba, makavu, yamepangwa kwa duara. Dereva wa greda, kijana mpole aitwaye Godi, alizima injini akaniita.

"Dada, hii miiba tuifanyeje? Nishuke nikaangalie?"

Nilitazama kutoka pale niliposimama, mbali kidogo, penye nyasi safi. Huku kwetu wafugaji wakihama huacha mazizi ya miiba kila mahali, nimeyaona tangu utoto. Nikamwambia ni zizi la zamani, asukume tu na kufukia. Godi akawasha greda, akasukuma. Mimi nikatoa fomu, nikajaza kwamba nimekagua kiwanja chote kwa miguu, nikasaini kwa mwandiko wangu mzuri, nikaondoka kabla ya saa nane.

Mwaka ukapita. Madarasa yakajengwa upande mmoja, uwanja wa kuchezea ukabaki upande wa pili, na ile kona ikawa katikati, mahali ambapo watoto hupita kila siku wakitoka uwanjani kwenda darasani. Nilipita pale mara nyingi na pikipiki yangu. Nilikuwa nawapungia mkono.

Ndipo mvua za kwanza zikaanza, na asubuhi ile akaja ofisini mzee mmoja wa Kisukuma, Mzee Shija, fimbo mkononi, viatu vyake vya tairi vimejaa tope. Alikuwa ametoka Mpimbwe alikohamia na ng'ombe wake mwaka mzima. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Binti, wameniambia wewe ndiye ulikagua pale shuleni. Miiba yangu nani kaiondoa?"

"Ile ya zizi, baba? Ilisukumwa tuliposawazisha."

"Lile siyo zizi," akasema taratibu. "Lile ni shimo la wachimba dhahabu. Walichimba wakaondoka bila kufukia. Ng'ombe wangu wawili walitumbukia. Tuliwasikia wanalia siku mbili na kamba zetu hazikufika. Ndiyo nikaweka magogo mdomoni mwa shimo, na miiba juu, mtu asikanyage."

Na unajua, mwanangu, nilijibu nini? Nilidanganya. Nilimwambia kazi ilifanyika kitaalamu, tumeshindilia tabaka tatu, pako imara kabisa. Nilikuwa nafikiria saini yangu. Sikuwa nawafikiria watoto kwanza, nakuambia ukweli wangu wote.

Mzee Shija hakubishana. "Magogo yale yana mwaka chini ya udongo," akasema. "Mchwa hawajalala. Kama ni imara, twende ukasimame pale, nikuone."

Nilimpakia kwenye pikipiki. Njia nzima nilikuwa nikijiambia labda amekosea kiwanja, wazee husahau. Tulipofika nikaona jambo ambalo mkaguzi mwenye macho hawezi kulikosa. Uwanja mzima maji ya mvua yalikuwa yametuama, madimbwi kila mahali, isipokuwa ile kona. Pale palikuwa pakavu kama pamepanguswa, na ufa mwembamba umezunguka kwa duara. Maji yalikuwa yanakwenda mahali.

Na watoto walikuwa mapumziko. Shule nzima ilikuwa uwanjani, upande wa pili wa ufa ule, wanacheza. Nilifungua mdomo niwaite, nikaufunga. Nikiwaita watakuja mbio kwangu, na watapita pale. Nilitaka kumwuliza Mzee Shija tufanyeje, nikamwona anatazama madarasani. Mwalimu wa zamu alikuwa ametoka, ameshika kipande cha chuma, anaelekea kwenye rimu ya gari iliyoning'inia. Ile ndiyo ilikuwa kengele yao. Ikilia, watoto wote wanakatisha konani kwa pamoja.

Nilikimbia. Viatu vilibaki kwenye tope, sijui hata kilianza kipi. Nilizunguka nyuma ya vyoo kwa sababu sikuthubutu kukatisha, wala kupiga kelele, watoto wasije mbio. Nilimfikia mwalimu mkono wake ukiwa umeshainuka, nikaukamata.

"Dada, vipi? Muda umepita," akasema, amekasirika. "Niachie."

"Usigonge, mwalimu. Kuna shimo chini ya kona ile."

"Shimo gani? Si palikaguliwa pale?"

Hapo ndipo pagumu, mwanangu. Kilichokuwa kinazuia chuma kile kisigonge ni neno langu tu, na niliona neno hilo ndilo mwisho wa kazi yangu. Nikasema, "Nilikagua mimi. Niliandika nimetembea na sikutembea. Nilifunika shimo."

Mwalimu akashusha mkono, akakiweka chuma chini kwenye majani, polepole, asije akagusa rimu.

Tulizunguka wote wawili mpaka uwanjani. Aliwapanga watoto mstari mmoja, wameshikana mikono, akawapitisha kando ya uzio wa minyaa, kidole mdomoni. Walidhani ni mchezo, wakawa wanacheka chinichini. Mzee Shija alisimama karibu na ufa, karibu kuliko nilivyotaka, amenyoosha fimbo yake kama anazuia mifugo. Mpira wa nailoni ukamponyoka mtoto mmoja wa darasa la kwanza, ukaviringika kuelekea kule, na yule binti akaachia mkono wa mwenzake akaufuata. Mzee alimdaka kwa sketi, akambeba begani mpaka mlangoni mwa darasa. Mpira tukauacha.

Watoto walipokwisha kuingia, Mzee aliomba nondo ndefu iliyobaki kwenye ujenzi. Alilala kifudifudi nje ya ufa, akaisukuma nondo kwenye udongo mbele yake. Iliingia kidogo, ikagoma, akaongeza nguvu, na ghafla ikamponyoka yote. Tulisikiliza. Nilishaanza kufikiri haitalia, ndipo tukasikia maji, mbali sana chini. Alasiri mvua ilirudi na ile kona ikashuka yenyewe, kwa sauti ndogo tu, ikaacha tundu ambalo lori lingeingia.

Nilisimamishwa kazi miezi mingi, na ilikuwa haki. Lakini lililonikaa ni alilosema Mzee Shija kabla ile mvua haijarudi, wala hakunigombeza kwa ukali.

"Binti, mimi nina ng'ombe. Nisipotembea mbele yao wanakufa mbele ya macho yangu. Nyie watu wa karatasi, watu mnaowaandalia ardhi wanakuja kupita mkiwa mmeshaondoka. Mlipoikuta miiba mlimwuliza nani?"

Hata jirani mmoja sikumwuliza, na nyumba zilikuwepo.

Sasa nyie mna simu. Nimeona mnavyopiga picha ya kiwanja kutoka dirishani mwa gari, mnairusha kwenye grupu, mnaita ukaguzi. Shuka, mwanangu. Itembee ardhi yote ingali tupu, kona kwa kona, na penye kitu usichokielewa, mawe yaliyopangwa, matawi, mti mmoja ulioachwa, mwite mwenyeji akueleze kabla greda halijawashwa. Dereva akikuuliza kama ashuke aangalie, shukeni wote. Usisaini mahali ambapo mguu wako haujafika, hata bosi akikuharakisha, hata mvua zikiwa mlangoni. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, bila kusubiri mzee wa watu atoke Mpimbwe kuja kukusemea.

Wengine watakuombea ujasiri. Mimi nakuombea uogope. Mungu akutie hofu kila unaposhika kalamu, akuondolee hofu hiyo siku ya kusema ukweli, na watoto wote watakaokimbia juu ya ardhi uliyoipitisha wazeeke bila kulijua jina lako.