Goti la Simba

Duka langu la vipuri liko Kisii mjini, chini ya barabara inayopanda kwenda Nyanchwa, na mtu akiingia kwa mara ya kwanza hatazami plagi wala mikanda ya feni. Anatazama ukutani. Nyuma ya kaunta nimetundika ubao, na juu yake nimepanga nembo za magari ambayo mengi yameshaisha barabarani: paka anayeruka, mshale wenye mabawa, ngao ya buluu iliyovunjika pembe, kichwa cha kondoo dume kilichokuwa kikisimama juu ya boneti. Madereva huniuliza, "Mzee, hizi vitu unauzanga?" Nawaambia siuzi. "Sasa zinakusaidia na nini?" Hapo huwapa plagi zao haraka waende zao, maana swali hilo huniudhi.

Nyingi sikuzinunua. Paka anayeruka alikuwa kishikio cha mlango wa jiko huko Nyanchwa. Nikamwekea mama mwenye jiko kishikio kipya na bawaba pia. Kifuniko cha gurudumu chenye nembo katikati nilikikuta kuku wakikinywea maji. Nikaacha beseni, na kuku hawakulalamika. Mke wangu husema nikienda matangani mimi hukagua ghala na banda la ng'ombe kabla sijawapa pole wafiwa. Ananionea, lakini si sana.

Nembo niliyoitamani kuliko zote haikuwa mbali. Ilikuwa kwa mama mkwe.

Anaishi upande wa Itumbe, mahali ambapo chai imeshuka mpaka ukingoni mwa barabara. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa teksi kati ya Kisii na Nyamira, enzi ambazo gari moja lilijulikana na tarafa nzima, na pua ya gari lake ilikuwa na simba wa shaba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, ukubwa wa kiganja. Gari lilipokufa liliuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Mzee alifungua skrubu mbili tu, akabaki na simba. Alipokufa yeye, simba akahamia dirishani kwa mama, kando ya redio. Siku hizi mama haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo mpaka ukabaki mwanga wa mlangoni tu. Kila jioni huwasha redio, humweka simba mapajani, na kidole gumba chake humsugua mahali palepale mpaka taarifa ya habari iishe. Mimi niliona ni mazoea tu, jinsi wengine wanavyochezea vifungo vya sweta.

Niseme pia kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Tunaiita chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake, na nyumba hiyo imeishika kwelikweli. Kwa miaka ishirini na mitatu nimemsalimu nikiwa hatua tatu kutoka alipo. Chai yangu hupitia mikononi mwa mke wangu, na sukari ninayoleta hupitia humohumo. Nampenda sana mama huyu. Sijawahi kuwa na njia ya kumwonyesha isipokuwa kwa kumletea vitu.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, nikapata njia nyingine, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilimwomba mke wangu amwambie mama yake, ingawa mama alikuwa akinisikia vizuri kabisa, kwamba simba amechakaa, ana kutu ya kijani na uchafu kwenye manyoya, na mimi nitamsafisha awe kama siku aliyotoka kiwandani.

"Ana uchafu?" mama akauliza. Kwake tunazungumza Kikisii.

"Mwingi, mama."

"Mimi siuoni," akasema, akacheka mwenyewe. Kisha akamkabidhi bintiye simba. "Mpe. Lakini arudi."

Nilisema atarudi. Moyoni nilikuwa nikisema kwamba labda akisikia jinsi watu wanavyomsifu pale dukani, atasema basi abaki. Tamaa haikosi hoja.

Nilifanya kazi hiyo asubuhi tatu, kabla ya wateja. Maji moto na magadi, mswaki, kisha msasa, mkali mpaka laini, kisha dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa cha fulana kuukuu. Juu ya goti la kushoto nilikuta uvimbe, donge la shaba kama punje ya mahindi, lililoachwa na fundi fulani wa zamani asiyejua kumaliza kazi. Kwanza nilimtukana fundi huyo. Mimi nina ugonjwa huo: nikiona kitu kimekaa upande siwezi kukiacha, hata picha ukutani kwa watu huinuka nikainyoosha. Basi nikachukua tupa. Nilipomaliza, goti lilikuwa laini, na simba aking'aa kama sufuria ya harusi. Nikamtundika katikati ya ubao, na kwa wiki mbili kila aliyeingia alimsifu yeye kwanza.

Tulimrudisha Jumamosi, siku yake ya Sabato, mama alipotoka kanisani. Mke wangu alimfungua kwenye kitambaa, akamweka mikononi mwa mama yake. Nilikaa kwenye kiti changu cha mbali, nikisubiri kusifiwa. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja gotini. Kikasimama. Kikapita tena pale, kikajaribu goti la pili, kikarudi.

"Huyu ni mzuri," akasema. "Ni wa nani?"

"Ni wako, mama," mke wangu akasema.

"Wangu hayuko hivi."

Nikaanza kueleza habari za msasa na dawa, sauti ikipanda, maana mimi nikiogopa hupandisha sauti. Mama alingoja nimalize. Kisha akamgeukia bintiye, kwa upole ule unaouma kuliko tusi. "Mwambie mume wako sina neno naye. Kama alimpenda wangu, angeniomba tu. Lakini asinipe mwingine akaniambia ni yule."

Akamrudishia simba. Tulikunywa chai yetu ikaisha, tukaaga.

Garini, tulipokaribia mjini, mke wangu alinigeukia. "Ulimbadilisha?" akauliza.

"Hata wewe?"

"Nimeuliza tu."

Nilisimamisha gari kando ya barabara, nikamwambia habari ya tupa. Alifumba macho. Ndipo akanisimulia jambo ambalo kwa miaka ishirini na mitatu halikunifikia, kwa sababu lilisimuliwa jikoni, nami jikoni kwa mama mkwe siingii.

Mke wangu alikuwa na siku tatu tangu azaliwe. Baba yake alikuwa akiwatoa hospitali, mama na mtoto, kuwapeleka nyumbani. Mvua ilikuwa ikinyesha, gari likateleza kwenye utelezi likagonga kisiki, na mguu wa simba ukakatika gotini ukarukia majanini. Hakuna aliyeumia. Mzee alishuka akaingia kwenye nyasi akitafuta mguu huo, mvua ikimnyeshea, na mama akimpigia kelele kutoka garini kwamba aache upuuzi, ni kipande cha chuma. Akajibu, "Mtoto wangu haingii nyumbani na gari kilema." Alitafuta mpaka akaupata. Akauweka kiganjani mwa mama, na mama akaushika mpaka nyumbani, mkono mmoja mguu wa simba, mwingine mtoto. Wiki iliyofuata fundi aliuchomelea. Mzee alirudi akamwonyesha mkewe lile donge, akasema, "Amepona vibaya, lakini amepona."

Hilo ndilo nililolipiga tupa.

Siku zilizofuata sikumtundika simba ubaoni. Nilimweka kwenye droo, na kila nikiifungua kutafuta risiti alikuwa akiningoja, anang'aa. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini mtu hujaribu kuyazoa hata hivyo. Nilimtia mfukoni nikashuka kwa mafundi wa jua kali, nikamwomba mmoja wa kuchomelea aniwekee donge juu ya goti.

"Niweke kubwa aje?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole. Nikauona mkono wangu mwenyewe ukipima uongo, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Mama alidhani nimemdanganya, kumbe sikuwa nimemdanganya. Sasa ndipo nilipokuwa najiandaa kumdanganya. Nikamwambia fundi aache.

Aliinua mabega. Kabla ya kunirudishia simba alimgeuza. "Na huku ndani mbona hujapiga msasa? Fundi wa hii alimwaga shaba mpaka ikapita."

Sijui niwaelezeje wasiokusanya nembo. Sisi hatutazami mgongo. Nembo ni uso. Mgongo wake unatazamana na ubao. Simba huyu ana uwazi kwa nyuma, na humo ndani sikuwa nimegusa kitu zaidi ya kusuuza kwa maji. Nikaingiza kidole, nikashuka na paja, nikafika gotini. Ilikuwapo. Chozi la shaba, lenye ukwaru, lililopenya kwenye ufa siku ile ya kuchomelewa likagandia upande wa pili. Nilisimama pale kwenye cheche na kelele za nyundo, macho yakanilowa, na fundi akafikiri ni moshi.

Nilimwambia mke wangu twende kesho yake. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa. "Nenda mwenyewe. Ulisafisha mwenyewe."

Mkwe kwenda peke yake kwa mama mkwe si jambo la mchezo. Nilibisha hodi nikiwa mbali mlangoni, na sukari mkononi. Wachumaji walikuwa shambani, sauti zao zikitoka upande wa chini. Mama alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama."

Akaniambia niingie. Nilimweka simba juu ya stuli iliyokuwa kando yake, nikarudi kwenye kiti changu cha mbali. "Sikumbadilisha," nikasema. "Nilimharibu. Niliona uvimbe, nikaukata kwa sababu niliuona mbaya. Na nilikuwa nataka abaki kwangu. Nisamehe, mama. Lakini ndani, kwa nyuma, shaba ya siku ile bado ipo."

Alimpapasa mpaka akampata, akamgeuza. Kidole chake kikaingia nyuma ya kifua.

"Chini zaidi," nikasema. "Mguu wa kushoto. Hapana, huo ni mkia. Rudi."

Alitafuta. Kidole kilipita kando, kikapita kando tena. Niliinama mbele kwenye kiti nikimwelekeza kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma, kushoto kidogo, juu kidogo, na niliona usoni mwake kwamba anaanza tena kuamini kuwa simba huyu si wake.

"Sipati kitu," akasema. Akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea nilipokuwa. "Nipeleke."

Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. "Mama, chinsoni."

"Chinsoni naijua kabla hujazaliwa. Njoo."

Niliinuka, nikazimaliza zile hatua tatu, nikapiga goti kando ya kiti chake na kumshika mkono. Ulikuwa wa baridi, mwepesi kuliko nilivyodhani, ngozi ya vidole imekauka kwa miaka ya kuchuma chai. Nilikunja vidole vingine, nikakiacha kimoja, nikakiingiza polepole kwenye mgongo wa simba, nikakishusha kwenye paja, mpaka kikagota.

Kidole kilizunguka pale juu ya ile shaba, mara moja, mara ya pili.

"Alilowa mpaka viatu vikajaa maji," akasema. "Nami nilimkaripia njia nzima."

"Alisikia?"

"Alikuwa anaimba. Atasikia saa ngapi?"

Akalia kidogo na akacheka kidogo, nami nilifanya vivyo hivyo, mtu mzima, nimepiga goti kwenye sakafu ya mama mkwe. Nje mchumaji mmoja aliita mwenzake. Mama alijipangusa uso kwa ncha ya leso kwa mkono ule wenye simba, maana mwingine nilikuwa bado nimeushika, na hakuwa ameuvuta.

"Huku ndani," akaniambia, "usinisafishie."